Mwaka Mpya Mara Tano

12 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, kwa sababu mama amekaa hapa mbele yangu anamenya viazi, na ameniambia barua isiyo na salamu ni hati ya mashtaka. Basi hujambo? Sisi hatujambo. Magoti ya mama yanamsumbua asubuhi, yakipata jua yanatulia. Paa la jikoni tumeziba. Mwanao amerefuka mpaka yale magauni uliyotuma yamegeuka blauzi, na maneno yake hayajapungua. Jina la kwenye cheti haliitikii tena, ni Chiriku tu, shuleni na nyumbani.

Salamu nimemaliza. Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu ukianza kulia mimi nasahau nilichotaka kusema, halafu unakata ukiwa umeshinda. Karatasi haina kwikwi, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka niliwahi kukwambia kuhusu ile kalenda aliyotuletea mwalimu mkuu, ambayo kila wiki ina siku yake. Leo Siku ya Maji, kesho Siku ya Miti, wiki ijayo sikukuu ya taa ya watu fulani au sikukuu ya mavuno ya watu wengine. Mimi nafundisha watoto wa miaka minne ambao bado tunawavutia zipu, lakini lazima wajue dunia nzima inasherehekea nini. Sina ugomvi na hilo. Siku ya Kunawa Mikono walinawa mpaka pipa likakauka, na wawili wakaenda nyumbani na sabuni mfukoni. Nakala ya kalenda nimekuwekea humu uione.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Mwaka Mpya wa watu wanaohesabu kwa mwezi. Tulikata taa za manila nyekundu. Nikawaambia darasani, "Leo kwa wenzetu wa mbali ni Mwaka Mpya." Mwanao akaweka mkasi chini, akaenda kwenye rafu, akavaa viatu, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, akachukua mkoba wake. Akaja kusimama mbele yangu kwa adabu zote. "Mwalimu, naomba ruhusa. Mama yangu anakuja leo."

Nilidhani anatania, nikacheka. Alikwenda kukaa getini kwenye benchi la mlinzi, na pale alikaa mpaka saa ya kwenda nyumbani. Uji hakunywa. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba kila mwanamke alipopita barabarani mtoto alimvuta yeye mlinzi shati na kumuuliza, "Ni huyu?" Umenielewa? Hakuwa anakungoja tu. Alikuwa anamwomba mlinzi amsaidie kukutambua.

Uliondoka ana miaka miwili na nusu, na sasa anakaribia mitano. Novemba uliandika kwa mkono wako, "Mwambie mwanangu nakuja Mwaka Mpya." Nikamwambia. Tarehe moja Januari alishinda dirishani, nawe ukatuma ujumbe kwamba karatasi hazijakamilika. Karatasi gani hizo? Mimi nakata karatasi mia mbili kwa wiki na zinakamilika.

Ahadi ni deni, na hili sikudai mimi, anakudai yeye. Nipe tarehe. Usinipe msimu wala sikukuu, nipe tarehe.

Dada yako


9 Machi

Shikamoo dada, na shikamoo ya mama umfikishie. Mwambie asikae kwenye sakafu ya saruji, aweke mkeka. Mimi mzima. Hapa baridi imeanza kupungua na miti ya barabarani inatoa majani.

Barua yako niliisomea chumba cha kupigia pasi. Nilipofika pale kwenye benchi la mlinzi nilisahau pasi juu ya shati la bosi na shati likatoboka. Nimesemwa siku mbili. Sikulaumu, nakueleza tu.

Lakini dada, umeniandikia kama vile mimi ni mzazi mkorofi aliyechelewa kumchukua mtoto darasani kwako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chumba changu kiko nyuma ya jiko, dirisha linatazama ukuta. Naamka kabla ya wenye nyumba na nalala baada yao. Karatasi nilisema bado, na bado maana yake ni bado.

Na mimi nina swali. Nani alimwambia Chiriku kwamba Mwaka Mpya uko zaidi ya mmoja? Mimi niliposema Mwaka Mpya nilimaanisha huu unaojulikana na kila mtu. Mmelikoroga nyie huko darasani kwa manila na gundi, halafu mnataka nilinywe mimi.

Halafu ile picha ya Siku ya Kunawa Mikono uliyonitumia. Watoto wote wamesimama kwenye foleni na wangu yuko mapajani kwako, mikono shingoni, sabuni mpaka kwenye kitambaa chako cha kichwa. Nimeiangalia sana. Akiwa nyumbani anakuita nani? Naomba unijibu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usidhani, dada, kwa kuwa niko mbali basi mimi ni jiwe.

Kwa ajili ya kalenda yenu, hapa kwenye sikukuu ya majira haya tunapaka mayai rangi. Ukichemsha na maganda ya vitunguu yanatoka mekundu ya kahawia, hakuna haja ya kununua rangi. Mtoto wa hapa anapenda sana. Mtoto wa hapa alifanya kumi na mawili na hakuvunja hata moja. Jaribu na wako, mtoto wa hapa ana umri uleule na Chiriku, kwa hiyo wataweza. Nina picha ya mtoto wa hapa na mayai yake, nikipata nafasi nitatuma.

Mdogo wako


18 Aprili

Marahaba. Mama anakusalimu. Amepata miwani, sasa anaona vumbi la nyumba nzima na sisi hatuna raha.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Umeiandika hiyo ukaweka na nukta. Nimekaa nayo mwezi mzima, naenda nayo kazini, narudi nayo. Mwanao alipougua surua nilimkanda mimi. Alipoogopa mashine ya kunyolea nilinyolewa mimi kwanza kipande cha kisogo ili aone haiumi, na nilitembea na kile kipara wiki tatu nikifundisha. Mimi sikuzaa, unajua na dunia inajua, hukuwa na haja ya kunikumbusha kwa methali.

Umeuliza nani alimwambia. Ni mimi. Tarehe mbili Januari alikataa kula, akalia mpaka sauti ikakauka, anarudia tu kwamba Mwaka Mpya umepita na mama hakuja. Nikatafuta neno la kumnyamazisha, nikampa la kazini. Nilimwambia, "Usilie, dunia ina Mwaka Mpya mwingi, huu ni mmoja tu." Alinyamaza hapohapo, akala. Mama alinisikia kutoka jikoni, akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamjibu asiniingilie. Sasa nalia mimi, kwa hiyo kalamu inayokutukana hapa inamtukana na mwenye kuishika.

Maana kalenda haina huruma. Machi ishirini na moja kulikuwa na Mwaka Mpya wa watu wanaoanza na majani mapya. Tulipanda ngano kwenye vifuniko vya chupa, na yeye akavaa viatu. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba aiondoe Miaka Mipya iliyobaki, nikamweleza na sababu. Akanisikiliza vizuri, halafu akasema wageni wanakuja kuikagua kalenda hiyo na hawezi kuifutia dunia Mwaka Mpya kwa sababu ya mtoto mmoja. Nikamwambia mtoto mmoja ndiye ninayemlea. Akanionyesha mlango, kwa upole, lakini ni mlango.

Basi Aprili ulipofika mwingine, ule wa kumwagiana maji, nilibandika juu yake karatasi ya Siku ya Vitabu, nikafunga madirisha, nikawasomea hadithi ya sungura. Darasa la jirani hawakuwa na habari na ujanja wangu. Walitoka uwanjani na makopo wakaanza kumwagiana na kupiga kelele za Heri ya Mwaka Mpya. Chiriku akainua kichwa. Alinitazama, akajua nimemficha. Alikwenda benchi la mlinzi peku, hakungoja viatu. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kuharibu kalenda ya shule, liko kwenye faili.

Nyumbani ananiita Mama Mkubwa kama inavyotakiwa. Siku nyingine analisahau lile Mkubwa. Huwa simsahihishi, na sitaomba radhi.

Sasa na mimi nikuulize. Katika barua ya ukurasa mmoja umemtaja mtoto wa hapa mara nne. Mayai tumepaka, asante. Lakini mkataba wako ulikuwa wa miaka miwili, na mimi hesabu ya mpaka kumi naifundisha. Uliisha lini? Na baada ya kuisha ulifanya nini?

Dada yako


27 Juni

Shikamoo dada. Shikamoo ya mama.

Najua nimechelewa. Barua yako niliiweka chini ya godoro, nikawa naitoa na kuirudisha. Kuhusu ile methali nisamehe. Niliiandika kwa hasira, na nilipofunga bahasha nilijua nimekosea, lakini nilikuwa nimeshalamba gundi.

Mkataba uliisha tarehe kumi Desemba. Tarehe kumi na moja nilisaini mwingine wa miaka miwili.

Sikupanga. Begi lilikuwa mlangoni, tiketi ilikuwa ndani ya pasipoti. Karatasi zote zilikuwa zimekamilika tangu Novemba. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni nivae viatu, na yule binti, mtoto wa hapa, akaelewa. Alinishika mguu. Alilia mpaka akatapika kwenye zulia. Nilimwinua, nikamfuta, akaning'ang'ania shingoni. Bosi alikwenda chumbani akarudi na karatasi na kalamu, akaviweka mezani. Nikasaini nikiwa nimembeba.

Utauliza na wangu je? Nilijiuliza palepale. Nikasema wangu ana dada, ana mama, analala kwenye nyumba yenye watu wake. Huyu hana mtu, wazazi wake wanamwona Jumapili. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini ukweli wenyewe si huo, na nikikudanganya tena hutanisoma. Huyu ananijua. Nikiingia chumbani anaruka. Wangu nikiingia atajificha nyuma ya gauni lako na kuuliza huyu ni nani. Niliogopa, dada. Nilimwogopa mtoto wa miaka minne.

Ndiyo maana nikasema karatasi. Haya, nitukane sasa.

Mdogo wako


15 Septemba

Marahaba.

Mama mzima. Sijamsomea barua yako. Akiuliza namwambia unasalimia.

Nimeandika majibu matatu nikachana yote matatu. La kwanza lilikuwa matusi tupu na mengine sikujua hata kama nayajua. La pili nililia juu yake wino ukatawanyika. La tatu lilikuwa la kiungwana, na hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi.

Umemwonea huruma aliyekushika mguu. Wako angekushika kwa mkono gani? Mkono wake haufiki huko. Kama kulia ndiko kunakokuzuia kuondoka, mbona hapa ulipoondoka alilia na ukaondoka? Nilimshika mimi, nikamziba macho kwa kanga, wewe ukapanda gari. Nilikusaidia mwenyewe kumwacha mtoto, Mungu anisamehe. Na miezi sita mizima ulinifanya mwongo kwa mtoto wako. Mimi nilikuwa napigana na mwalimu mkuu kwa ajili ya karatasi ambazo zilikuwa mkobani kwako tangu Novemba.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita, halafu nisikuandikie tena mpaka useme la maana.

Ulifika Mwaka Mpya mwingine kwenye kalenda, wa tano kwa hesabu ya mwanao, wa watu wanaouanza mvua zikiisha na maua ya njano yakitoka. Safari hii sikuficha. Nilimwahidi baada ya yale ya Aprili kwamba sitamficha tena kitu. Nikagawa karatasi za njano, nikasema maneno, nikamwangalia kwenye rafu ya viatu. Hakuinuka. Aliendelea kubandika petali zake moja moja, ulimi nje pembeni kama anavyofanya akiwa makini. Moyo wangu ukatulia, nikasema ahsante Mungu, amekua.

Mwisho wa kipindi huwa nawaambia wataje siku wanazozikumbuka. Mmoja akasema Siku ya Maji. Mwingine akasema Siku ya Mayai, ambayo haipo, lakini nikampa hongera. Chiriku akanyoosha mkono. Akasema, "Siku ya mama kuja."

Mwenzake wa pembeni akamuuliza hiyo huwa lini. Mwanao hakuinua macho kwenye gundi. Alimjibu, "Hiyo ni ya nchi nyingine. Sisi hatunayo. Tunajifunza tu."

Ni maneno yangu hayo. Ndivyo ninavyowaambia kila siku kwa zile sikukuu ambazo si zetu, ili wasiende nyumbani kudai fataki na taa kwa wazazi. Mwenzake akasema haya, wakaendelea kubandika. Hakuna aliyelia darasani isipokuwa mimi, na mimi nilikwenda chooni kwanza.

Sikuandikii haya ili ulie, umelia vya kutosha na hakuna kilichobadilika. Nakuandikia ujue kwamba benchi la mlinzi liko wazi. Mwanao amemaliza kukungoja.

Dada yako


6 Oktoba

Shikamoo dada. Shikamoo ya mama, na umsomee barua zote, pamoja na ile ya Juni. Nimechoka kusalimiwa na mtu asiyejua nilichofanya.

Nimemwambia bosi naondoka. Amesema nikivunja mkataba nisitegemee kurudi wala kuandikiwa barua ya sifa. Nimemwambia sirudi. Yule binti nimemwambia mwenyewe, si mlangoni na viatu mkononi, nimemkalisha kitandani kwake nikamtajia siku. Amelia. Analia mpaka sasa ninavyoandika, yuko nje ya mlango wangu, na kalamu hii sijaishusha.

Nafika Jumanne tarehe kumi na saba Novemba, saa nane mchana. Nimetazama kwenye kalenda uliyonitumia, siku hiyo iko tupu.

Dada, niambie anapenda nini. Niliingia dukani nimnunulie kitu, muuza duka akaniuliza mtoto wako anapenda nini, nikatoka mikono mitupu. Sijui anapenda nini.

Mdogo wako


20 Oktoba

Marahaba.

Mama nimemsomea zote. Alivua miwani, akasema njoo. Kisha akasema ukifika atakuchapa, magoti au bila magoti, kwa hiyo jiandae kwa vyote viwili.

Chiriku nimemwambia Jumanne tarehe kumi na saba. Akauliza ni sikukuu gani. Nikasema si sikukuu, ni Jumanne tu. Akauliza utalala hapa au utaondoka tena. Nikamwambia utalala hapa. Kama hilo si kweli, niandikie kabla hujapanda chombo chochote, na usikanyage mlango huu. Kutembelewa hataki, wala mimi sitaki aonjeshwe mama kama karanga za kupimia.

Haya, anapenda nini. Anapenda kumimina maji mwenyewe, hata akimwaga. Anapenda kulala mguu mmoja nje ya shuka, ukimfunika anaamka. Hapendi kubebwa na mtu asiyemzoea, kwa hiyo usimrukie ukifika, kaa chini umngoje wewe. Akinuna muulize habari za mlinzi wa shule, hapo maneno yanaanza na hayaishi. Nywele anaogopa kuchanwa kuanzia juu, anza kwenye ncha. Doli hataki. Usinunue kitu.

Imenichukua siku tatu kuandika mistari hiyo michache. Kila nikiandika moja naona nimekukabidhi kitu, na hasira inanipanda upya mpaka naondoka mezani. Mwanzoni nilidhani ni hasira ileile ya Februari, kumbe hapana. Usipokuja, mtoto anaumia. Ukija, mimi nabaki na mama na magoti yake. Mwaka mzima nimekutukana uje, na kweli nilitaka uje, na kila uliposhindwa kuja nilimbeba kutoka kwenye lile benchi akiwa amenikumbatia shingo, nami nilipenda alivyonikumbatia. Huo ndio ukweli wangu, nimeuweka juu ya meza kama ulivyouweka wako.

Kwa hiyo usichelewe hata siku moja. Kila alfajiri namwomba Mungu akufikishe salama, na jana, katikati ya dua hiyohiyo, nilijisikia naomba ukose usafiri.

Dada yako